Uhifadhi wa bahari ulivyoanzia kwenye karai la mama karanga

Katika bandari yetu ndogo ya wavuvi, upande wa Bamburi, Mombasa, mikutano ya uhifadhi ilikuwa na sura moja miaka nenda miaka rudi. Wageni walikuja na chati zao, wavuvi wakakaa kwenye mabenchi, chai ikanywewa, kila mtu akaenda zake. Mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga, walikuwa nje ya banda wakingoja vyombo virudi. Nilipochaguliwa katibu wa BMU, kile kikundi cha jamii kinachosimamia ufuo na uvuvi wake, hilo ndilo nililolishika kwanza. Mvuvi haamui peke yake samaki gani atolewe majini. Huamua pia yule anayemngoja ufuoni na pesa mkononi, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha za mafuta ya mashine au nyuzi za nyavu.

Serikali ilipiga marufuku juya, ule wavu mkubwa wa kukokotwa hadi ufuoni, mwaka 2001, pamoja na bunduki za kuchomea samaki. Juya halijaisha hata hivyo. Vitoto vya tafi na pono, samaki wa miambani, vinavyozolewa nalo ni vya bei nafuu, na mama karanga mwenye mtaji mdogo huviuza kwa bei anayoimudu kibarua wa mjengo kwa sima yake ya jioni. Ukimwambia mama huyo aache, na hukumwonyesha atalisha nini watoto wake, umemvunjia heshima.

Basi sikuitisha mkutano. Nilikwenda baada ya alasiri, wakati moto unakokwa, nikakaa karibu na mama mmoja ambaye amekaanga samaki pale tangu mimi mtoto. Nikamuuliza, "Mama, tafi wa zamani walikuwaje?"

Akanyosha mkono, akapima kutoka ncha za vidole mpaka juu ya kifundo. "Mmoja nilimkata vipande vitatu, mwanangu, na kila kipande kina mwenyewe. Sikiza, hawa wa sasa wanakunywa mafuta tu."

Wenzake wakaingilia hapo hapo. Vitoto vya samaki vikipimwa kilo kwa kilo na samaki wakubwa, hula mafuta mengi zaidi, huungua upesi, na mwisho wa siku hubaki miiba. Mafuta ya kupikia yamepanda bei, kila mmoja alikuwa na hesabu yake kichwani. Mimi sikuongeza neno. Hoja niliyokuwa nimeitafuta ilitoka vinywani mwao, na yalikuwa mazungumzo bora ya bahari niliyowahi kuyasikia.

Kutoka hapo ndipo tulipofika kwenye miamba. Niliwaeleza kwamba tafi hula mwani na pono hukwangua ule unaotaka kuyafunika matumbawe, na samaki hao wakiisha tumbawe halipati nafasi ya kuota tena. Wakongwe wanaukumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe na mengi kufa. Mwamba ulioumia vile unawahitaji hao hao tunaowakaanga wangali wachanga.

Wazee wa baharini niliwaendea kwa njia nyingine. Mvuvi mzee wa hapa ana hesabu yake ya mwaka, inayoanza Siku ya Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kuhesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi. Kwa hesabu hiyo anajua kusi, upepo mkali wa kusini, litakaza lini, na matlai, upepo wa mashariki, yatafungua lini. Nilimwomba nahodha mmoja aliyestaafu awakalishe vijana na mama karanga awafundishe hesabu hiyo, na ndani yake aseme samaki gani wana mayai wakati gani. Alikubali mara moja. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza. Vijana waliozoea kusikia kwamba wazee hawajui kitu walimsikiliza mpaka magharibi.

Yeye ndiye aliyeligusa jambo gumu, hifadhi ya baharini ya Mombasa iliyotengwa mwaka 1986. Eneo la ndani halivuliwi kabisa, na maumivu ya kunyimwa maji waliyovua baba zao wazee wanayo hadi leo. Sikutaka yafunikwe. Lakini nahodha mwenyewe akasema, "Hatukatai, tuliumia. Sasa niambieni, malema mnayapanga wapi?" Kila mvuvi pale anajua jibu. Mitego hiyo ya kusuka hupangwa karibu na mpaka wa hifadhi, kwa sababu samaki wakishakua ndani hutoka. Watafiti wamelipima jambo hilo papa hapa Mombasa, ila kwa wavuvi wetu neno la nahodha lilikuwa na uzito wake.

Malema yenyewe tuliyafanyia kazi pia. Kuna lema lenye mwanya mwembamba ubavuni, linalowaachia wachanga watoke na wakubwa wabaki. Limejaribiwa sehemu kadhaa za pwani ya Kenya. Wasukaji wetu walilisuka kwa mikono yao, na mama karanga wakakubali kuwanunua kwanza samaki wa malema hayo, kwa bei nzuri kidogo. Bila ahadi hiyo ya bei nisingewashawishi wavuvi.

Imamu wetu naye alisaidia. Siku ya Ijumaa alisoma aya ya Suratur Rum isemayo kwamba ufisadi umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu, akalitaja juya kwa jina. Kule Pemba, kwenye kisiwa cha Misali, mafundisho ya dini yaliwahi kutumiwa kwa wavuvi vivyo hivyo.

Leo mama karanga kadhaa ni wanachama wa BMU. Kanuni za BMU za mwaka 2007 ziliwatambua wachuuzi, lakini hawakuwa wameambiwa. Wana chama chao cha kukopesha wavuvi wa mshipi (uzi na ndoana) na malema wakati wa kusi, vyombo vidogo visipoweza kutoka nje ya mwamba na njaa ikiwasukuma watu kwenye juya. Matajiri wenye majuya bado wapo, na hao chama hakiwawezi. Kwao inatakiwa sheria.

Aliye Likoni na anataka kuanza, achague siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka sana asubuhi, watu wako mwambani wanatafuta pweza, na hutampata mtu wa kuzungumza naye.