Tunavyowavusha vijana na maharage yao Namanga

Vijana wengi wanaonifuata sokoni Kilombero, hapa Arusha, huja kuomba mtaji. Siku hizi nawauliza kwanza: ukiupata huo mtaji leo jioni, kesho mzigo utaupitisha wapi? Wengi hunitajia dereva wa bodaboda wa Namanga, mpakani na Kenya, anayejua vichochoro vya kukwepa forodha. Basi hapo najua tuanzie wapi, na wala si kwenye fedha.

Mimi nafanya biashara ya maharage na mahindi. Nimepeleka nafaka Kenya tangu enzi zile unapanga foleni upande wa Tanzania, ukimaliza unavuka, unapanga nyingine upande wa pili. Sasa pale Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta, na maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Unayekwenda Kenya unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, unagongewa kutoka na kuingia humohumo.

Kilichonisukuma kuwashika mkono vijana ni bei waliyokuwa wakipewa. Binti mmoja wa Longido aliniletea hesabu zake. Maharage yake ya njano yalikuwa mazuri, yamechambuliwa, hayana vumbi wala punje zilizotobolewa. Alikuwa ameyauza ng'ambo ya mpaka kwa bei ya chini kuliko ile ambayo mimi ningempa hapahapa Kilombero bila safari. Nikamuuliza, "Mwanangu, kulikoni?" Akasema mnunuzi aliulizia karatasi za mzigo, yeye hakuwa nazo, basi yule tajiri akataja bei yake na kukaa kimya. Angefanyaje? Kurudi na magunia hawezi, kwenda kushtaki hawezi, kulala nayo barabarani anaogopa. Akapokea alichopewa.

Hii ndiyo gharama ya njia za panya ambayo vijana hawaiandiki kwenye daftari. Wanaandika bodaboda kwa kila gunia, wanaandika na hela ya soda ya anayewaangalizia njia. Hasara kubwa iko kwenye kupatana bei. Mtu asiye na karatasi hana sauti mbele ya mnunuzi, maana wote wawili wanajua kwamba akikataa hana pa kwenda. Na kinachosikitisha ni kwamba anajificha kukwepa kodi ambayo hadaiwi. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze kufanya kazi mwaka 2005, mazao yaliyolimwa Tanzania yanaingia Kenya bila ushuru wa forodha, mradi uthibitishe kwamba yametoka kwetu.

Na uthibitisho wenyewe, kwa mfanyabiashara mdogo, umerahisishwa. Kama mzigo wako hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, na bidhaa yako imo kwenye orodha iliyokubaliwa na nchi wanachama, ofisa wa forodha anakujazia na kukugongea muhuri cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Huhitaji kumlipa wakala wa forodha. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mwendo mfupi tu kutoka sokoni kwetu, lakini nimekutana na vijana chungu nzima pale Kilombero ambao hawajawahi kukisikia cheti hicho. Semina zipo, nyingine nimehudhuria mwenyewe. Ila kijana anayelala juu ya magunia yake soko lisije likamwibia hana nafasi ya kukaa hotelini siku mbili kusikiliza maelezo.

Kwa hiyo sisi, mimi na wafanyabiashara wenzangu wachache, tukaamua kuwapeleka. Safari ya kwanza tunakwenda mikono mitupu. Tunapanda gari Arusha asubuhi, na Namanga tunafika mapema, ni kama kilomita 110. Kila mmoja amebeba kitambulisho na hati yake ya kusafiria. Tunapita dirisha kwa dirisha: uhamiaji, forodha, afya ya mimea, viwango. Kijana ndiye anayezungumza, mimi nasimama nyuma yake. Wa kwanza alipofika mbele ya ofisa alitetemeka kana kwamba ameshikwa na mzigo. "Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara mdogo wa maharage, nataka kujua nikileta gunia kumi natakiwa niwe na nini." Yule mzee akamjibu taratibu, akamwonyesha fomu ilivyo, akamtajia na siku ambazo foleni huwa ndefu. Kijana alitoka pale amenyooka mgongo. Tangu hapo sikuona sababu ya kuanza kwa njia nyingine yoyote. Hofu ya dirisha inaisha kwa kulisogelea ukiwa huna cha kupoteza.

Swali linalowachanganya zaidi ni la asili ya bidhaa. Kijana mwingine aliuliza kama anaweza kuviombea cheti hicho vifuniko vya simu alivyonunua Kariakoo. Hapana, hata kama ana risiti ya Dar es Salaam. Kinachoangaliwa ni bidhaa imezalishwa wapi, si imenunuliwa wapi. Maharage ya Karatu yanapita, vikapu vilivyosukwa nyumbani vinaangaliwa kwenye orodha, lakini kilichotoka nje ya Jumuiya kina ushuru wake. Ninawasisitizia pia kwamba cheti hakifuti kila kitu. Mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho kwetu kinatolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, baada ya ukaguzi. Upande wa Kenya kuna kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, shirika lao la afya ya mimea, na hicho kwa kawaida mnunuzi wako ndiye anapaswa kukiomba kabla mzigo haujaondoka. Mahindi yana kibali chake cha kutoka nje ya nchi, na utaratibu wake hubadilika kulingana na hali ya chakula. Ndiyo maana tunauliza kwanza, ndipo tunanunua.

Mwaka 2021 ulitufundisha mengi kuhusu ubora. Mwezi Machi Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, na siku chache baadaye ikafungua tena kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu hakizidi sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki nzima. Vijana wengi waliona ni fitina za kibiashara. Mimi niliwaambia, hata kama kuna fitina, sumukuvu ipo na inaua watu, nasi ndio tunaokula mahindi yaleyale nyumbani. Tukaanza kukaa na wakulima wanaotuuzia. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yasifungwe kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Kipima unyevu ni ghali, kwa hiyo tunacho kimoja tunachoazimana. Asiyenacho anatumia chupa na chumvi: unachukua chupa kavu ya kioo, unatia punje na chumvi kavu, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayo mahindi bado mabichi, yarudishwe juani. Maharage tunayahifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, kwani bila hewa wadudu wanakufa, na hulazimiki kuweka dawa ambayo mnunuzi ataisikia kwa pua.

Vijana wanaochukua muda kujifunza kuanika na kuchambua ndio wanaodumu. Nimeona wenye maneno mengi na mtaji mkubwa wakipotea, na binti mtulivu mwenye ungo wake akibaki.

Kwenye vipimo napo kuna mtego. Kwetu gunia linahesabiwa kilo 100. Kenya gunia la mahindi ni la kilo 90. Na bado kuna lumbesa, hilo gunia lililoshonewa kichwa juu, ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku kila siku na bado linaendelea kuwanyonya wakulima. Sisi tunanunua kwa kilo na tunauza kwa kilo, mizani iko mbele ya wote wawili. Kijana akipigiwa simu na kuambiwa "gunia ni shilingi kadhaa", namfundisha kuuliza: gunia la kilo ngapi, na shilingi ya nchi gani? Kabla ya bei yoyote anatuma mfuko mdogo wa sampuli kwa basi, maana aina moja ya maharage ina majina tofauti huku na kule, na ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia hapo.

Malipo ndipo penye vilio. Mnunuzi atakusifu, atakunywesha chai, kisha ataomba mali kauli: acha mzigo, nikiuza nitakutumia. Kijana mwenye mtaji wa kuungaunga akiacha mzigo wa kwanza kwa mali kauli, biashara yake imeshikwa na mtu mwingine. Utaratibu wetu ni fedha taslimu au kwa simu kabla gunia halijashuka kwenye gari, mpaka mtakapojuana vya kutosha. Kutuma fedha kwa M-Pesa kati ya Kenya na Tanzania kumewezekana tangu 2015, na kumewaokoa vijana wengi kutembea na noti mfukoni au kubadilisha fedha kwa watu wa pembeni. Makato yapo, yaandike kwenye daftari pamoja na ushuru wa mazao wa halmashauri, kamba, makuli, nauli na chakula. Kila Jumapili jioni tunakaa tunafungua madaftari. Wengi wanashangaa kugundua kwamba safari waliyodhani ina faida ilikuwa inalipa nauli tu.

Wasichana tunawapeleka wawili wawili, hilo halina mjadala. Dalali mmoja aliwahi kumchelewesha binti wa kwetu hadi giza likaingia, akijua hana pa kulala, ili ashushe bei au akubali mengine. Sasa tuna nyumba ya mama mmoja anayewapokea, na mwenzake anajua namba ya gari na jina la mnunuzi. Kama mzigo haujauzwa kufikia alasiri, unaingia stoo, binti anakwenda kupumzika. Bei ya kesho haiwezi kuwa mbaya kuliko ya usiku.

Mwaka 2025 serikali yetu iliwakataza wasio raia kununua mazao shambani. Jirani zetu wa Kenya walilalamika, na wengine ni marafiki zangu wa siku nyingi. Kwa vijana wetu, agizo hilo limefungua kazi ya kukusanya mazao vijijini na kumfikishia mnunuzi mzigo uliokwisha kuchambuliwa. Naona ni vizuri waifanye kwa uaminifu, kwa sababu mkulima wa Karatu akianza kupunjwa na kijana wa Karatu, hatakuwa amepata nafuu yoyote.

Tatizo lililokuja baadaye ni la kukua. Dola 2,000 ni kama tani mbili za maharage bora, kutegemea bei ya msimu. Vijana watatu wanaokodi lori moja wanapita kiwango hicho kirahisi. Kwanza wakataka kugawa mzigo mmoja kwa majina ya ndugu zao ili kila sehemu iwe chini ya kiwango. Nikawakatalia. Kama mali ni yako, magunia ni yako na jina ni lako, pata cheti chako, hata kama lori mnachangia, na mwambieni ofisa hivyo kabla hajauliza. Lakini kama mali ni ya mtu mmoja, imevuka kiwango, na ifuate utaratibu wa mizigo mikubwa. Huo unataka TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara, wakala wa forodha na tamko kamili la forodha.

Ilibidi tujifunze upya. Tulimtafuta wakala mwenye leseni, tukapatana naye kwa kikundi badala ya kila mtu peke yake, akapunguza. Wawili wakasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa simu zao, wamekaa palepale juu ya magunia. Kwa mtaji, waliojiunga kikundi wameomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambamo vijana wana fungu la asilimia 4 bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, na safari hii daftari za Jumapili ndizo walizoambatanisha na maombi.

Wananiuliza pia kuhusu Eneo Huru la Biashara la Afrika, kama wataweza kuuza hadi Ghana. Nafurahi wanapouliza. Itifaki ya wanawake na vijana ilipitishwa na wakuu wa nchi Februari 2024, na naamini itawafaa. Ninachowaambia ni kwamba huko nako wataulizwa yaleyale: imezalishwa wapi, unyevu kiasi gani, nani anaagiza, unalipwaje.

Binti wa Longido ameshapeleka mzigo wake wa kwanza kwa tamko kamili, maharage ya njano kwa mnunuzi wa Nyamakima, Nairobi. Mnunuzi alijaribu kushusha bei lori likiwa tayari mlangoni. Binti akamwonyesha cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili na karatasi ya mizani, akamwambia kuna duka mbili mtaa wa pili zilizokwisha kuiona sampuli. Wakashusha kwa bei ileile waliyokubaliana.