Nilivyosomea uhandisi wa umeme kwenye kampasi ndogo

Kampasi niliyosoma ilikuwa na maabara moja ya mashine za umeme, osiloskopu (vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye skrini) za kuhesabika na fundi wa maabara mmoja aliyehudumia madarasa yote. Zamu ya kikundi chenu ikiisha, imeisha. Kwa hiyo nilijizoesha kukokotoa kwanza: kabla ya kuwasha chochote, daftari langu lilikuwa na volteji na mkondo niliotarajia kuuona kwenye kila mita. Saketi ndogondogo nilizipitisha kwanza kwenye LTspice, programu ya bure ya kuigiza saketi kwenye kompyuta, isiyohitaji kompyuta ya nguvu. Ukifika benchini hivyo, kazi inabaki kulinganisha, na mita ikikataa kukubaliana nawe unajua papo hapo uulize nini.

Somo lililonifungua macho ni transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha volteji kwa koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Kupima ufanisi wake moja kwa moja kunahitaji mzigo kamili, nasi mzigo huo hatukuwa nao. Mhadhiri akatupeleka kwenye majaribio mawili ya zamani. La kwanza, upande wa volteji kubwa unaachwa wazi, na upande wa volteji ndogo unapewa volteji yake ya kawaida. Mkondo unaopita ni mdogo mno, kwa hiyo watimita, yaani mita ya kupima wati, inasoma karibu hasara ya kiini cha chuma peke yake. La pili, ncha za upande wa volteji ndogo zinaunganishwa pamoja, kisha unapandisha volteji ya upande wa volteji kubwa polepole kuanzia sifuri mpaka mkondo ufike kiwango chake cha mzigo kamili. Asilimia chache tu za volteji ya kawaida zinatosha; ukipeleka yote, koili zinaungua. Hapa watimita inasoma hasara ya shaba, yaani nguvu inayopotea kama joto kwenye nyaya za koili.

Transfoma yetu ilikuwa ya VA 1,000 (volti mara ampea). Tulipata wati 20 kwenye kiini na 35 kwenye shaba. Kwa mzigo kamili wenye pawafakta ya 1, yaani VA zote 1,000 zinakuwa wati za kazi, gawanya 1,000 kwa 1,055: ufanisi karibu asilimia 95, na hakuna mzigo wowote tuliowasha. Ukishusha mzigo hadi nusu, hasara ya shaba inabaki robo, kwa sababu inafuata mraba wa mkondo, ila ya kiini haibadiliki. Nilifurahi sana siku ile.

Fundi wa maabara alikuwa mkali, na namshukuru kwa hilo. Katika jaribio la kwanza hakuruhusu umeme uwashwe kabla ncha zilizo wazi hazijafunikwa. "Wanangu," alituambia, "upande usio na kitu ndio wenye volteji kubwa."

Darasa lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba mhadhiri alisoma hatua zetu mstari kwa mstari, si jibu la mwisho tu. Ripoti yenye jibu sahihi lakini isiyoeleza kwa nini upande fulani uliachwa wazi ilirudishwa, tukaiandika upya.