Manakishi ya Zaatari Bila Gesi

Zamani hapa Gaza, mtu akitaka manakishi, yaani mikate bapa iliyopakwa zaatari (kiungo cha majani makavu yenye harufu kali) na mafuta, asubuhi alikanda unga wake nyumbani, akapeleka madonge kwa mwokaji wa mtaani, naye akayarudisha yakiwa mikate ya moto yenye harufu ya zaatari. Vivuko vya mpakani vilipofungwa tarehe 2 Machi 2025, unga na nishati ya kuendeshea matanuri vilianza kwisha, na kufikia tarehe 1 Aprili viwanda vyote 25 vya mikate vilivyosaidiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani vilikuwa vimesimama. Kazi yote ikatuangukia nyumbani na kwenye mahema, na hapo ndipo wengi wetu tulipotambua kwamba shida ya mkate huu si unga tu, bali pia moto, kwa kuwa gesi nayo haikuwepo.

Kukanda si kazi. Nusu kilo ya unga wa ngano huhitaji maji mililita 300 hivi, chumvi na hamira kidogo. Hamira ikikosekana, bakiza donge la leo, lifunike vizuri, ulichanganye na unga wa kesho, ingawa utalazimika kusubiri saa nyingi mpaka liumuke. Zaatari iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na sumaki (unga mwekundu mchachu wa matunda ya kichaka), ufuta uliokaangwa na chumvi, haiozi upesi, na kwa sababu hiyo ilibaki kabatini hata vyakula vingine vilipoisha. Changanya na mafuta ya zeituni mpaka upate rojo linalodondoka polepole kwenye kijiko. Hata mafuta yakiwa ghali, afadhali upake mikate michache kuliko kuyapunguza, kwani zaatari kavu huungua kabla unga haujaiva.

Sasa moto. Tanuri lililofinyangwa kwa udongo na majani makavu ndilo bora, kwa kuwa kuta zake huhifadhi joto na kulirudisha juu ya mkate. Asiye nalo hutumia saji, yaani bamba la chuma lililobinuka, ambalo huivisha upande wa chini peke yake. Mama mkwe wangu hulimaliza tatizo hilo kwa kufunika mkate na sufuria pana iliyopinduliwa, kisha anapanga makaa machache juu ya kitako chake. Mimi nikiharakisha kufunika hunizuia: "Bado, mwanangu, ngoja ukingo uinuke." Anautazama ukingo wa mkate tu, ukianza kujitenga na chuma na kupata madoa ya kahawia, anafunika, na baada ya dakika chache mafuta yanachemka taratibu katika vishimo alivyobonyeza kwa ncha za vidole. Vishimo hivyo si urembo, kwani bila hivyo mafuta hutiririka motoni na moshi wake hufanya ufuta uwe mchungu.

Kuhusu kuni, sikubaliani na wanaosema chochote kinachowaka kinafaa. Maboksi hulipuka kwa miali na kuzimika kabla chuma hakijashika joto, mbao zilizopakwa rangi hutoa moshi wenye sumu, na plastiki, ambayo wengi wameichoma kwa kukosa namna, huacha harufu kwenye mkate na kifuani mwa mpishi. Maboksi ni ya kuwashia; mkate uokwe kwa makaa ya mti.

Ngano ilipoadimika kabisa, watu walisaga makaroni na dengu. Unga wa dengu haushikani wala hauvutiki, kwa hiyo usijaribu kuusukuma kwa kijiti. Uchanganye na ngano yoyote uliyo nayo, utandaze kwa kiganja kilicholowa moja kwa moja juu ya saji, na zaatari uiweke mwishoni. Uliwe ungali moto, maana ukipoa huwa mgumu na hupasuka vipande.