Bega langu lina nafasi ya penseli
Jamani leo ndo nimetoka kupigwa MRI ya bega, miezi mitatu nikinyanyua mkono kuanika nguo nasikia kama kisu. Unavua kila kitu cha chuma, hereni, saa, maana ile mashine ni sumaku kubwa, haina mionzi kama eksirei, unalala chali mkono ubavuni hutikisiki karibu nusu saa, na makelele yake sasa, kama mtu anagonga bati af ghafla anahamia kwenye drili 😂

Kilichoniacha hoi ni majibu. Daktari kanionyesha kwenye skrini kale kanafasi kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na mfupa wa juu ya bega, akakapima pale pale, milimita 8. Nikashtuka, si unene wa penseli huo?? Akacheka, eti kawaida ni kama 7 mpaka 14 hivi, ikishuka chini ya 7 ndo wanaanza kuhisi msuli umechanika na mfupa umepanda juu. Na humo humo inapita kano na kifuko cha kulainisha, wamebanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni. Tena ukilala kipimo kinaweza kutoka kidogo kuliko eksirei ya kusimama, sababu mkono hauvutwi chini na uzito wake, kwa hiyo namba za mashine mbili usizilinganishe kienyeji.

Mimi kano imevimba tu, haijachanika. Kesho naanza mazoezi, nguo ataanika shemeji yenu.