Maneno Ishirini kwa Wiki

Cherbourg, mji wa bandari wa Ufaransa, nilikwenda kwa shauku ya ufundi. Kabla ya kusafiri kwenda kusoma Caen nilikuwa mchomeleaji kwenye karakana za meli Mombasa, na Le Redoutable, nyambizi ya Ufaransa iliyoendeshwa kwa nyuklia na kubeba makombora ya nyuklia, niliitamani kwa sababu hiyo: nione chuma kilichounganishwa na mikono ya watu kikastahimili uzito wa bahari. Imepandishwa nchi kavu kando ya kituo cha zamani cha abiria wa meli za Amerika, na tangu 2002 mwenye tiketi anaingia.

Ina urefu wa mita 128. Niliizunguka taratibu, shingo juu, nikitafuta mishono. Waliijenga mjini humohumo, kwenye kiwanda cha jeshi la majini, ikashushwa baharini tarehe 29 Machi 1967 mbele ya Rais Charles de Gaulle. Nyambizi ya nyuklia waliyoibuni kabla yake ilikuwa ya kutumia urani asilia, madini ya kuendeshea kinu cha nyuklia, jinsi yalivyochimbwa. Kinu kikatokea kizito mno na mradi ukaachwa 1959. Marekani ikakubali kuwapa urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa ukali, kwa sharti itumike nchi kavu tu. Wafaransa wakaitumia kwenye kinu cha majaribio huko Cadarache, wakajifunza, na huku wakajenga kiwanda chao wenyewe cha kurutubisha urani Pierrelatte. Kama fundi niliwavulia kofia. Kama Mwafrika nilikumbuka kwamba tangu 1961 walikuwa wakichimba urani Gabon, na kwamba bomu lao la kwanza walililipua Reggane, jangwani Algeria, mwaka 1960. Bara letu limo ndani ya chombo kile, ingawa jina lake halikupakwa popote ubavuni.

Ndani unapita kwenye turbini zilizosukumwa na mvuke, kisha sehemu ya kinu, ambayo ilikatwa na kuondolewa baada ya nyambizi kustaafu 1991. Wageni hupita kwenye kipande kipya kisicho na kitu. Halafu unafika kwenye mashimo ya makombora, kumi na sita, safu mbili, mapana kuliko mikono yangu ninapoinyoosha. Kombora lake la M20 lilikuwa na nguvu ya megatoni moja, yaani ya tani milioni moja za baruti ya TNT, zaidi ya mara 60 ya bomu la Hiroshima. Niligusa chuma cha shimo mojawapo. Kilikuwa baridi, kimepakwa rangi vizuri, kazi safi kabisa. Sijawahi kuona kazi safi namna ile ikinitia uchungu.

Kwenye vitanda vya mabaharia nilimkuta bibi mmoja wa Kifaransa amesimama, mkono juu ya ukingo wa kitanda cha katikati. Nilimwamkia, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa, na kwamba baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Hapo akafunguka. Mumewe alikuwa mwanamaji wa nyambizi hizi, kituo chao Île Longue karibu na mji wa Brest, walikoishi. Kila nyambizi ilikuwa na vikosi viwili, cha buluu na chekundu, vikipokezana ili isikae bandarini bure. Kikosi kikiondoka, hakionekani kwa miezi miwili au zaidi.

“Tuliruhusiwa kuwatumia maneno ishirini kwa wiki,” alisema. “Wao hawakuweza kujibu.”

Nyambizi ikirusha mawimbi ya redio inajianika, kwa hiyo ilisikiliza tu. Ujumbe wa nyumbani ulisomwa kwanza na wengine, na habari za msiba hazikupitishwa. Baba mkwe wake alifariki mumewe akiwa chini ya maji. Wiki ile aliandika kuhusu jino la mtoto na mvua. Aliyafanya hayo kwa wiki kadhaa, akiyahesabu maneno kwa vidole mezani, mpaka mume akarudi na kuambiwa gatini.

Nilimfikiria mama. Barua za baba zilichelewa, lakini zilikuja, zenye stempu za Durban na Bombay, nasi tulimjibu kwa kurasa nzima. Mama yake baba alipofariki, baba alipata simu ya maandishi akiwa safarini. Hakuwahi maziko, lakini alilia siku zilezile tulizolia sisi. Kumficha mtu msiba wa mzazi wake ili chombo kisijulikane kilipo, hilo naliona ni deni ambalo taifa lile halijawalipa wake za wale mabaharia.

Nilimuuliza kama mumewe alikuja kumwambia, hata uzeeni, ni bahari gani walizokuwa wakizunguka.

“Hakujua,” alisema. “Yeye alikuwa mpishi. Waliojua nyambizi iko wapi walikuwa wachache mno. Mimi nilikuwa Brest na yeye kitandani hapa, na sote tulikuwa hatujui yuko wapi.”