Siku yangu na elektroni zisizoshikika

Saa 1 asubuhi. Hata uso sijanawa, kompyuta iko mapajani. Kazi niliyoituma jana usiku kwenye kompyuta kuu imekufa hatua ya 212. Pale penye nishati ya elektroni hakuna namba tena, ni herufi tupu. Ukiziona hizo, jua mchawi ni wewe mwenyewe.

Saa 3. Naanza kusaka kosa. Ninachoiga kwa programu yangu ni wimbi kali la redio likipita kati ya elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) zilizoizunguka magneta, nyota ya nyutroni yenye sumaku ya kutisha. Tarehe 28 Aprili 2020 mlipuko wa redio wa milisekunde chache ulitoka kwa magneta SGR 1935+2154, humuhumu kwenye galaksi yetu. Sasa, wimbi kali namna ile hutokaje bila kumezwa njiani?

Saa 5. Nimelipata! Kwenye sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), elektroni huzunguka mara bilioni 28 kwa sekunde. Jana niliiongeza sumaku mara nne, hatua ya muda, yaani kipindi programu inachoruka kati ya hesabu moja na nyingine, nikaiacha vilevile. Elektroni ilikuwa inamaliza mizunguko kadhaa programu ikiwa bado imefumba macho. Aibu, maana hili ndilo ninalowaonya wanafunzi kila mwaka.

Saa 8 mchana. Mwenzangu anauliza kwa nini sihangaiki na uso wa nyota, kwenye mabilioni ya tesla. Namchorea ubaoni: pale elektroni ni ushanga uliotungwa kwenye waya, wimbi linautikisa tu. Ukienda mbali mara 100, sumaku imepungua mara milioni 1, wimbi mara 100 tu. Mahali fulani wimbi linaipiku sumaku, na ushanga unachomoka. Elektroni inakaribia kasi ya mwanga ndani ya mtikisiko mmoja, na anayelipa nishati hiyo ni wimbi.

"Kwa hiyo linajimaliza lenyewe?"

Si lazima, ndugu yangu. Kama chembe tayari zinakimbilia nje pamoja na wimbi, haziligharimu sana. Hapo ndipo wataalamu wanapovutana, na mimi bado sijachagua upande.

Saa 10 nimetuma upya. Saa 12 jioni bado niko kwenye foleni.

Saa 4 usiku imeanza. Hatua ya 210. 211. 212.

213.

Nafunga kompyuta kabla haijabadili mawazo.