Digidigi hana nyama ya kukufungisha jela

Bucha yangu iko Buzuruga, hapa Mwanza, nauza ng'ombe na mbuzi. Dagaa wakipanda bei, hapakosi mteja wa kuegemea kaunta, akateremsha sauti na kuuliza kama kuna "kale kanyama ka porini". Wengine hawazunguki, wanawataja swala hao wadogo kwa majina: digidigi je? Nsya je? Huwa namjibu kwa sauti ileile ninayouzia maini, na wa nyuma yake wasikie, kwamba hapa hakuna, na huyo digidigi anayemtamani hana nyama ya kumfungisha mtu jela.

Nasema hivyo kama mtu wa mizani. Digidigi mzima ana kilo nne, tano, akistawi sana sita au saba. Hapiti goti la mtu mzima. Ondoa kichwa, ngozi, matumbo na kwato, unabaki na kilo mbili na ushee, tena mifupa imo humo. Mafuta hana. Ukimtupa kwenye mkaa anakauka kabla hajaiva. Nsya ana afadhali, maana yeye hupita kilo kumi, lakini hata huyo hamfikii beberu wa kawaida anayeletwa mnadani.

Babu yangu mzaa mama aliwawinda hao hao, na yeye alikuwa na hesabu zake. Alikaa upande wa Lamadi, karibu na Serengeti, enzi ambazo vichaka vilikuwa bado havijafyekwa vikawa mashamba ya pamba. Nyumbu ilikuwa kazi ya wanaume wengi, ya kubeba, ya kukausha, ya kugawana mpaka mgongano uanze. Digidigi alikuwa mnyama wa mtu mmoja na mbwa wake. Anapatikana asubuhi, jioni ameisha, na jirani hajui kilichopikwa.

Alipotusimulia hakuanza na mbio wala mkuki. Alianza na choo. Digidigi huishi wawili, dume na jike, katika eneo dogo ambalo ni lao, na hujisaidia mahali palepale kila siku, mipakani. Ukikuta lundo la vinyesi vidogo vyeusi, mithili ya choroko zilizomwagika, umefika uani kwa watu. Kisha unainama. Chini ya jicho la digidigi kuna kitundu cheusi kinachotoa utomvu, naye huja taratibu kwenye ncha ya unyasi au kijiti, akakiingiza pale kama anataka kujitoboa jicho, akaacha tone. Babu alipitisha kidole kwenye ncha za nyasi. Tone likinata, wako karibu. Likiwa gumu, aliendelea na safari.

Na kwa kuwa lile eneo ni lao, ukiwafukuza hawatoki. Watakimbia kwa kukatakata kona, huku, kule, lakini ng'ambo ya mpaka kuna digidigi wengine wasiotaka wageni, kwa hiyo watazunguka na kurudi. Ndiyo maana wavu wa Babu haukutegwa mbele walikokimbilia. Ulitegwa palepale walipoamkia. Mbwa mdogo alikimbiza mpaka ulimi ukaning'inia, mbwa mzee alilala kando ya wavu akingoja. Babu alimpenda yule mzee kuliko baadhi ya wajomba zangu, na hakuficha.

Ila siku akifuata mnyama mkubwa, digidigi alikuwa adui. Akishtuka hupiga mluzi mkali kwa pua, zik-zik, zik-zik, na pori zima linainua vichwa. Mbuzi mawe, naye ni swala mdogo, ndiye hakuwahi kumgusa. Huyo hukaa kwenye miamba, anasimama kwa ncha za kwato, na mmoja akila mwenzake yuko juu analinda. Wageni wakiona mawe yetu ya Mwanza huuliza kama wapo. Mimi kwenye mawe ya mjini nimeona pimbi tu.

Sipambi. Wavu ule na mbwa wale leo vingemfikisha Babu mahakamani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na ukikutwa na nyama bila kibali unakuwa umekutwa na nyara za Serikali, iwe mguu wa digidigi au kimoro, yaani kipande kikavu, cha nyumbu kwenye mfuko wa Rambo. Mwenye kesi hiyo haendi kulipa faini na kurudi kula chakula cha mchana.

Lakini anayeingiza digidigi mjini siku hizi hajui choo chao wala tone la kwenye unyasi. Anakata waya, anafunga kitanzi kwenye kinjia, anakwenda kulala. Siwezi kumwita mwindaji. Waya haiulizi kama jike ana mimba, na jike huyu hubeba karibu miezi sita kwa ajili ya mtoto mmoja. Tena ile tabia ya kutohama ndiyo inayowamaliza. Dume akinaswa leo, jike hana pa kwenda, kesho anapita kinjia kilekile. Akinaswa fisi au mbwa wa mchungaji, mtegaji hajali, atamkuta wikiendi ameoza.

Halafu kuna jambo la sisi watu wa bucha. Nyama yangu imepita machinjioni, ina muhuri wa daktari. Ya gunia, iliyokuja usiku kwa bodaboda, nani kaipima? Ugonjwa wa kimeta upo kwa wanyamapori, na mnyama aliyekutwa amekufa kwenye waya hakuelezi amekufa na nini. Wala hujui kama ni digidigi. Vipande bila kwato, bila ngozi, hata mimi mwenye kisu mkononi kila siku naweza kuuziwa mtoto wa mbuzi, na hiyo ndiyo bahati nzuri.

Anayeitaka kwelikweli, kanuni za 2020 zimeruhusu bucha za nyamapori. Uliza leseni ya duka, dai risiti, itunze mpaka sufuria ioshwe. Na usichome. Chemsha polepole na chumvi na nyanya, mwishoni tia samli, ule na ugali wa mtama. Ukiona taabu, Jumamosi nina mbuzi wa Maswa. Maini yanaisha kabla ya saa mbili asubuhi, na siweki oda kwa simu.